Sekunde Kumi na Moja za Mwisho

Mjane wa Profesa alipiga simu saa kumi jioni, na hakusalimia.

"Shemeji, njoo uchukue sanduku lenu. Leo hii. Kabla jua halijazama."

"Kesho asubuhi ningekuwa na nafasi nzuri zaidi, shemeji…"

"Kesho utalikuta jalalani." Akakata simu.

Wembe akavaa viatu huku akinung'unika, ingawa moyoni alifurahi, tuseme ukweli. Sanduku hilo alikuwa amelitafuta kwa miezi mitatu, tangu ilipokuja barua ya watu wa mbali wanaofufua albamu zilizosahaulika. Waliitaka albamu ya bendi ya Mnara wa Moshi, na waliitaka kutoka kwenye kanda ya asili, si kwenye santuri iliyojaa mikwaruzo. Mwisho wa barua waliuliza maswali mawili. Je, ni kweli wimbo wa mwisho ulikuwa na kipande cha sauti kilichoondolewa? Na mwimbaji yule wa kike, yuko wapi siku hizi?

Swali la pili Wembe angelijibu bila kuinuka kitini. Mwimbaji alikuwa chumba cha pili, ameinamia cherehani. Alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, na hakuwa ametamka neno kwa miaka thelathini na minne.

"Natoka mara moja," alimwambia. "Nafuata kanda zetu za zamani kwa Profesa."

Mdogo wake aliinua kichwa. Akachukua chaki ya kushonea na kuandika kwenye kitambaa cheusi alichokitundika ukutani kwa kazi hiyo: *Mwavuli*. Ndivyo alivyokuwa siku zote. Mvua ikitaka kuja, yeye ndiye wa kwanza kupata habari. Wembe akauchukua mwavuli.

Kama hukuwahi kuisikia Mnara wa Moshi, usijilaumu. Waliowahi kuisikia wanaenea kwenye sebule moja. Enzi hizo mjini palikuwa na bendi tatu nne za namna ile, za vijana waliosikiliza roki ya mbali redioni wakaona nyimbo za dakika tatu ni za watoto. Walikuwapo Wana wa Zebaki na albamu yao *Ndoto za Mhandisi Kipofu*. Walikuwapo Kaburi la Saa, waliotoa *Samaki Saba wa Shaba* na kutwangana ngumi siku ya uzinduzi, wakaishia hapo. Majina yao yalikuwa marefu kuliko maisha yao. Wimbo mmoja ulijaza upande mzima wa santuri, na mapigo yake yalikuwa saba, au tisa, au kumi na moja, hata mtu aliyekuja kucheza alijikuta amesimama katikati ya ukumbi anahesabu vidole.

Kumi na moja ndiyo ilikuwa namba ya Profesa. Alipiga kinanda, alitunga kila kitu, na jukwaani alivaa joho la mahafali ingawa shule ilimshinda kidato cha pili. Jina alijipa mwenyewe. Walirekodi albamu moja tu, *Mlango wa Ndani*.

Wembe hakupiga chombo chochote. Yeye alikata. Zamani muziki ulirekodiwa kwenye utepe wa kanda, na kosa liliondolewa kwa wembe: unakata kanda kabla ya kosa, unakata tena baada yake, unaunganisha ncha mbili kwa gundi ya utepe mweupe. Mkono wake ulikuwa mwepesi kupita kiasi. Aliweza kuondoa kikohozi katikati ya maneno mawili, hata aliyekohoa akaapa hakukohoa.

Na mdogo wake aliimba. Hilo tuliseme bila utani. Aliimba.

Wembe alimkuta mjane amesimama nje, kwenye ngazi, kajifunga khanga kiunoni kama mtu wa kazi. Nyuma yake nyumba ilikuwa giza. Jua lilishagusa mapaa.

"Liko kabatini. Chumba cha nyuma," alinong'ona.

"Huingii nami?"

"Siingii mpaka litoke." Akamshika mkono. "Shemeji… ukisikia kitu, usikiitikie."

"Nisikie nini?"

"Panya," alisema. Lakini alikuwa anatazama pembeni.

Chumba cha nyuma kilinuka dawa za mgonjwa. Kinanda cha Profesa kilikuwa kimefunikwa shuka jeupe, na Wembe akajikaza kisabuni asikitazame. Mezani palikuwa na glasi, vidonge, na pamba nyingi. Mafungu ya pamba. Mlango wa kabati ulikuwa wazi upana wa kiganja.

Siki. Kanda za zamani hunuka siki zikianza kuoza, kila mtu wa kazi hiyo anaijua harufu. Lakini chini ya siki palikuwa na kitu kingine. Palinuka kinywa. Kinywa cha mtu aliyefumba mdomo muda mrefu mno.

Akanyoosha mkono.

Ndani ya kabati, mtu akavuta pumzi.

Si kwa hofu, si kwa usingizi. Ilikuwa pumzi ndefu, ya kujaza kifua. Ukisikia mtu amevuta pumzi, masikio yako yenyewe hungoja aitoe. Wembe alingoja. Mkono wake ulibaki hewani, naye bado anangoja.

Haikutoka.

Hakujua alivyolitoa lile sanduku. Alijikuta nje, amelikumbatia, na mjane ameshafunga mlango kwa funguo mbili.

"Umeisikia," mjane alisema. Hakuwa anauliza. "Mwaka mzima marehemu alilala na pamba masikioni. Siku ya kufa alisema neno moja tu. Fungua. Nikafungua madirisha. Nikafungua milango. Nikamfungua mpaka vifungo vya shati. Bado anasema fungua…" Akakaza khanga yake kiunoni. "Mdogo wako hajambo?"

"Hajambo."

"Bado haongei?"

"Bado."

"Pole yake," mjane akasema. Kisha akamtazama machoni, kwa mara ya kwanza jioni ile. "Na pole yako wewe, shemeji."

Mvua ilimshika njiani. Mwavuli aliufungua juu ya sanduku, yeye akalowa.

Nyumbani alijifungia chumba cha kazi, chumba chenye mashine yake ya kanda, kibao cha kukatia na taa ya mezani. Ng'ambo ya ukuta cherehani ya mdogo wake ilikuwa inakimbia: trrr… trrr… Sauti hiyo ilimtuliza. Akafungua sanduku.

Kanda kuu ilikuwepo, nzima, imezungushwa vizuri kwenye gurudumu lake. Kando yake palikuwa na kikopo cha bati, cha vidonge vya koo vya zamani. Kilikuwa chepesi. Akakifungua.

Ndani palikuwa na kipande cha kanda, kama mita nne hivi, kimesokotwa na kufungwa mafundo. Katika kila fundo palipita unywele mrefu mweusi.

Akahesabu, ingawa alishajua.

Kumi na moja.

Wembe akaketi. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa amejiambia kwamba hajui. Sasa jambo lenyewe lilikuwa limekaa kiganjani mwake, na hapakuwa na pa kukimbilia.

Wimbo wa mwisho wa albamu ulimalizika kwa mdogo wake akiwa peke yake. Vyombo vyote vinanyamaza, anavuta pumzi, anaimba mstari mmoja mpaka pumzi iishe. Sekunde kumi na moja. Alipomaliza, mpiga ngoma alilia, naye hakulia hata kwenye maziko ya baba yake. Profesa hakulia. Profesa alifunga kifuniko cha kinanda, maana alikuwa ametunga dakika ishirini na moja za kinanda na sasa hakuna ambaye angezikumbuka. Tena Wana wa Zebaki walikuwa wameshamwita binti yule akaimbe kwao.

Wenzao walipotoka, Profesa alisema, "Kata ule mwisho. Santuri imejaa."

Haikuwa imejaa. Wembe alipima mwenyewe kwa saa, dakika mbili nzima zilikuwa zimebaki. Alijua. Akakata.

"Hicho kipande nipe."

"Cha nini?"

"Anataka kutuhama. Nataka abaki nasi."

"Utepe wa kanda utamzuiaje mtu?"

Profesa alicheka chinichini. "Wenzetu wakitaka kumfunga mtu hutafuta ukucha. Sisi tuna sauti yenyewe." Na alipoona Wembe anasita, akaongeza, "Nyuma ya jalada nitaandika jina lako. Peke yake. Kwa herufi kubwa."

Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa bei. Wembe akampa.

Santuri mia tatu zilitengenezwa, nyingi hazikununuliwa. Watu walizifunikia mitungi ya maji, na jina la Wembe, kwa herufi kubwa, likaozea kwenye unyevu. Siku ya tatu baada ya kukata, mdogo wake aliamka hana sauti. Madaktari walimmulika kooni wakakuta koo zima kabisa. Wembe alimpeleka hospitali hii na ile, akamshikia mkoba, akamchukua akae kwake. Majirani wakasema, kaka ndiye huyu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mshonaji wa watu hakuwahi kupekua pindo la nguo yake mwenyewe. Hivyo ndivyo Wembe alivyoamini.

Alisimama, akaenda mlango wa pili.

"Niazime sindano ya kufumia. Ile nene."

Mdogo wake alimpa. Macho yake yalibaki kwenye mkono wa kaka yake kuliko ilivyohitajika. Kisha akarudi kwenye mshono.

Fundo la kwanza lilikuwa gumu. Lilipofunguka, unywele ukakatika wenyewe, tk, na ng'ambo ya ukuta mdogo wake akakohoa. La pili. Akakohoa tena. Wembe aliendelea, jasho linamdondoka kwenye kibao, na harufu ile ya kinywa ikawa inajaa chumbani. Kwenye fundo la saba cherehani ilisimama. La nane… la tisa… la kumi…

La kumi na moja.

Kimya. Mvua tu juu ya bati.

Nitakirudisha, alijisemea. Nitakirudisha mahali pake, naye atasema, na Mungu atajua nilirekebisha. Machozi yalimlengalenga, na yalikuwa machozi ya kweli. Alimpenda mdogo wake. Hilo nalo msimnyime.

Akaikata kanda kuu mahali pale pale penye gundi ya zamani, akakinyoosha kile kipande juu ya kibao. Hapo mkono ukasita.

Kuna sheria studio, na yeye ndiye aliyewafundisha wengine: kabla hujakata, geuza kanda, chora mshale kwa penseli ya njano mgongoni, ujue wapi ni mwanzo na wapi ni mwisho. Utepe hauna uso, ncha zake zinafanana kama mapacha. Alikigeuza chini ya taa. Akakitazama mita zote nne.

Hapakuwa na mshale. Usiku ule hakuchora. Kipande cha kutupwa, nani anakichorea mshale?

Angeweza kukisikiliza kwanza kwenye gurudumu tupu. Mwanafunzi wake asingekosa kufanya hivyo. Lakini haraka ya mwenye hatia haina mfano wake. Akachagua ncha moja, akasema bismillahi, akaunganisha, akabonyeza.

Kinanda cha Profesa kikaisha. Vyombo vikanyamaza.

Ikaja sauti… ikianzia pale ilipopaswa kufia. Ikavimba, ikapanda, ikageuka, kisha ikafyonzwa ndani kwa pumzi moja ndefu ya kumeza.

Kinyumenyume.

Ng'ambo ya ukuta mkasi ulianguka sakafuni. Halafu mdogo wake akasema.

"…*anoukilin… akak*…"

Sauti ile ile. Ya msichana wa miaka ishirini na mitatu, nyororo, isiyo na hata chembe ya kutu, ndani ya koo la mwanamke mwenye mvi. Alitokea mlangoni ameshika shingo yake kwa mikono miwili, anacheka na kulia pamoja. Akasema tena. Lakini maneno hayakutoka. Yaliingia. Kila neno lilifyonzwa kuelekea kinywani, na kifua chake kilijaa pale kilipopaswa kupungua.

Alijisikia mwenyewe, kicheko kikakoma.

Alikuwa mtu wa studio yule. Hakuhitaji kuelezwa. Alitazama mashine, akatazama kipande cheupe cha gundi kikizunguka, akamwinulia kaka yake kidole kimoja na kukizungusha hewani.

Geuza.

"Ndiyo, ndiyo, mdogo wangu. Nageuza." Wembe akavuta maikrofoni. "Lakini… sema tena kwanza. Hapa kwenye maikrofoni. Nisikie kama… kama imekaa sawa."

Haikuwa lazima. Hata yeye alijua haikuwa lazima. Ila mdogo wake alikuwa anarudia maneno yale yale, mara ya tatu, mara ya nne, kwa hamu ya mtu aliyeyabeba muda mrefu, na Wembe alitaka kujua ni maneno gani kabla dunia nzima haijayajua. Akaweka kanda tupu kwenye mashine, akamrekodi. Akaitoa kanda ile mpya, akaigeuza kichwa chini miguu juu, akavaa hedifoni ili asikie peke yake.

Akabonyeza.

*Kaka, nilikuona ukimpa.*

Sauti tulivu. Haikuwa na ukali wowote, na hilo ndilo lililomkata.

*Nilikuwa mlangoni. Nilikuwa nimekuletea chai. Kaka, hili sikuliandika popote. Nilitaka uniambie wewe mwenyewe. Nimengoja.*

Kanda ikaisha, ncha yake ikawa inapiga mashine: tap… tap… tap…

Miaka thelathini na minne. Chumvi imeisha, aliandika. Shati lako liko kwenye kamba. Mwavuli. Mara ngapi aliandika, mara ngapi alifuta kwa kiganja, na neno lile likakaa ndani bila kuandikwa, linamngoja yeye. Wembe aliona aibu ikimpanda mpaka machoni. Alitamani kuanguka miguuni pake pale pale. Alitamani pia, kwa nguvu ile ile, asiwe amesikia.

Mdogo wake alikuwa bado mlangoni, anamtazama usoni. Alijua kwamba amesikia. Akasubiri.

Hapo ndipo pa kusema. Maneno mawili tu yalitosha, na hayakuhitaji mashine.

"Ni kazi ya dakika moja," alisema Wembe.

Akavuta kibao. Akaweka wembe kwenye gundi ya kwanza. Mdogo wake alikuwa anasema kitu, laini, kinyumenyume, pengine jina la kaka yake, pengine dua. Wembe akakata ncha ya kwanza. Akakata ya pili.

Neno likakatika katikati.

Nyumba ikatulia. Mvua nayo ilikuwa imepungua. Na katika utulivu ule Wembe akasikia kitu moyoni mwake, akakitambua kabla hajapata muda wa kukifukuza. Ilikuwa nafuu. Nafuu tamu, ya mtu aliyevua kiatu kinachobana.

Hakuna kilichomtisha kama hicho, si kabati, si pumzi, si sauti ile.

"Ngoja kidogo, mdogo wangu," alisema bila kuinua uso. "Nageuza."

Mdogo wake aliitikia kwa kichwa. Akaegemea mwimo wa mlango na kungoja, kazi aliyoizoea.

Wembe akatazama mikononi mwake atafute ncha ya utepe. Hakuiona. Vidole vyake, vile vyepesi, vilikuwa vimeshafunga fundo la kwanza.

Mlangoni, mdogo wake akavuta pumzi.

Wembe akangoja aitoe.